Risala ya wazazi na waliosoma hapa kwa mgeni rasmi, mahafali ya kidato cha nne

Mheshimiwa mgeni rasmi, mheshimiwa diwani, mwenyekiti wa bodi ya shule, mkuu wa shule na walimu wote, wenyeviti wa vijiji, viongozi wetu wa dini, wazazi wenzangu na nyie wahitimu mliopendeza leo, shikamooni kwa wanaostahili na wengine habari za saa hizi. Itifaki imezingatiwa.

Karibu sana kwetu na asante kwa kuja, barabara umeiona mwenyewe kwahiyo hatutaisema sana. Wahitimu wameshasoma risala yao na mkuu wa shule amesoma taarifa yake, sisi wazazi pamoja na tuliosoma hapa tumekaa tukakubaliana kwamba tukuletee yale yanayosemwa huko nje kuhusu hii shule, sokoni, kwenye vijiwe vya bodaboda, kisimani na kwenye magrupu ya wasap, maana mkiondoka hapa wageni ndo mjadala unaanza upya na kila mtu ana lake.

Mheshimiwa, shule hii ni shule ya kata, ilizaliwa kipindi kile cha MMES, ule mpango wa serikali wa maendeleo ya elimu ya sekondari, marehemu Lowassa akiwa waziri mkuu, kila kata ikaambiwa ijenge sekondari yake. Hao wazee unaowaona wamekaa upande wa kushoto walisomba mawe kwa mikokoteni, na mama zetu walibeba maji kichwani ya kufyatulia tofali, serikali ikaja kuezeka. Kabla ya hapo mtoto wa huku alikua anafaulu darasa la saba vizuri kabisa na anabaki nyumbani kwa sababu nafasi hazipo, waliochaguliwa kwenda sekondari kwenye kijiji kizima unawahesabu kwa vidole. Kwahiyo mtu akisimama kwenye mkutano akasema hii shule haina maana bora ifungwe watoto wapelekwe kata ya jirani, wazee wanaumia sana na tunawaelewa.

Lakini wanaosema hivo nao hawajaamka tu asubuhi wakaanza kuichukia shule. Wameona matokeo. NECTA, yaani baraza la mitihani, waliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora tangu yale matokeo yaliyotoka Januari 2023, ila mzazi mwenye simu anafungua ukurasa wa shule anaona pale juu divisheni wani ngapi, divisheni foo ngapi, ziro ngapi, na kwetu namba zinajaa kule mwisho. Mwenye uwezo kidogo anauza ng'ombe anampeleka mtoto shule ya kulipia, asiye na uwezo anabaki na sisi huku roho inamuuma kwamba mwanae kaachwa. Halafu kuna vijana wanasema miaka minne ya sekondari ya nini, bora mtoto aende veta, chuo cha ufundi cha serikali, ajifunze kuchomelea au ushonaji, kaka yake alimaliza hapa na leo anaendesha bodaboda sawa na yule aliyeishia la saba. Hawa tunawajibu kwamba mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeleta mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi, hukohuko sekondari, tatizo ni kwamba amali inataka karakana na vifaa na mwalimu wa fani, na sisi bado hata maabara zilizojengwa kwa michango yetu wakati wa agizo la rais Kikwete la kila sekondari ya kata kuwa na maabara, moja tumeigeuza darasa.

Wapo wanaowalaumu walimu, kwamba wako bize na simu na biashara zao. Mheshimiwa hapa naomba niseme wazi kwa niaba ya wazazi tulioandaa risala hii, hatukubaliani na hilo. Shule yenye watoto wote hawa mwalimu wa hesabu ni mmoja, fizikia anafundisha kijana wa kujitolea ambaye tunamlipa kwa kuchangishana, na mwalimu wa kike aliyepangiwa huku mwaka wa kwanza alikua anaishi kwenye chumba cha stoo. Walimu nao wana maneno yao, wanasema tunawaletea mtoto aliyesoma miaka saba kwa kiswahili, mtihani wa la saba maswali karibu yote ni ya kuchagua herufi, anaingia kidato cha kwanza anakutana na bayolojia kwa kingereza, anakaa darasani anakopi ubaoni kitu asichokijua, na ukimuuliza anainama. Hilo ni kweli na wala halijaanza leo. Matokeo ya 2012 nchi nzima ililia, watahiniwa zaidi ya 240,000 walipata sifuri, ikaundwa tume chini ya waziri mkuu, matokeo yakaja kupangwa upya, na shule za kata kama yetu ndo zilizoitwa yeboyebo, yaani kitu cha bei ya chini kisicho na ubora, kila kona. Watoto wa mwaka ule ni wazazi sasa hivi, wengine wamekaa hapa leo.

Sasa ukituuliza sisi tuliosoma hapa na tunaoishi hapa ni nini hasa kinaiua hii shule tutakwambia ni njaa na umbali, tena vinakwenda pamoja. Mtoto wa kitongoji cha mwisho kule anatoka nyumbani giza halijaisha, anatembea karibu saa mbili, amekunywa uji kama upo, anafika anasoma mpaka mchana jua kali, hakuna chakula, vipindi vya jioni analala au anatoroka, halafu atembee tena saa mbili kurudi. Atasoma saa ngapi? Wenye huruma wanawapangia watoto mageto hapa karibu na shule, vyumba vya udongo, mtoto wa miaka kumi na minne anajipikia na kujilinda mwenyewe, na wasichana tuliowapoteza kwa mimba wengi wametokea kwenye hayo mageto. Tunashukuru tangu Novemba 2021 mtoto aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani, ila hapa kwetu anarudi kwenye umbali uleule na geto lilelile.

Na hapo kwenye chakula ndo kuna ugomvi mkubwa kuliko yote, mpaka majirani hawasalimiani. Elimu bila ada ilivyoanza Januari 2016 ile 20,000 ya ada ya kutwa ikafutwa, tukafurahi kwa kweli, watoto wakajaa. Januari 2018 rais Magufuli akakataza michango mashuleni kwa sababu kuna watoto walikua wanarudishwa nyumbani kisa mzazi hajatoa, na sisi tuliunga mkono maana huku pia yalitokea. Kuanzia hapo bas, ukiitisha kikao cha chakula anasimama mtu anasema elimu ni bure, mchango ni kosa, nitakupeleka kwa mkuu wa wilaya. Mkuu wa shule anaogopa kupoteza kibarua, mtendaji anaogopa, kikao kinavunjika. Wakati waraka wa 2016 wenyewe ulitaja majukumu ya mzazi na chakula cha mtoto wa kutwa kimo humo. Serikali inaleta ruzuku, tunaishukuru, lakini kiwango chake ni 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka mzima na humo kuna vitabu na chaki na mitihani na ukarabati, ukigawa kwa siku za masomo hata shilingi 150 haifiki. Hakuna sufuria inayochemka kwa hiyo hela.

Sisi tumejaribu kidogo. Msimu uliopita wazazi wa vijiji viwili walikubali kutoa mahindi na maharage baada ya mavuno, debe kwa debe, asiye na mahindi alileta kuni au alikuja kupika, na mtoto ambaye mzazi wake hakutoa kitu alikula kama wenzake, hilo tulisimamia kwa nguvu zote na hatutalilegeza. Kipindi chakula kilipokuwepo utoro wa mchana ulipungua sana, walimu wa zamu ni mashahidi. Chakula kilivyoisha kabla ya muhula kuisha watoto wakaanza kupungua tena kuanzia mchana. Na vile vijiji vingine vilivyogoma vinasema mpaka wasikie kwa mtu wa serikali kwamba ni halali.

Kwahiyo mheshimiwa ombi letu la kwanza, na ndo kubwa, ukisimama hapa leo kwenye kipaza sauti tunaomba utamke mbele ya hawa wazazi wote kwamba kuchangia chakula kwa hiari na kwa makubaliano ya mkutano ni halali, na kwamba kumfukuza mtoto kwa sababu hajachangia ni kosa. Yote mawili, kwa pamoja, maana likisemwa moja tu upande mmoja utalichukua kwenda kumpigia mwenzake. Tunaomba pia mkurugenzi atuletee hayo maneno kwa barua ibandikwe ofisi ya kila kijiji.

La pili ni hosteli ya wasichana. Msingi tumeshachimba wenyewe na mawe umeyaona pale nyuma ya jiko, tukifika kwenye lenta tunaomba halmashauri itupaulie. La tatu mwalimu wa hesabu na wa fizikia, na nyumba ya kuwaweka ili wasihame mwaka unaofuata.

Wanaotaka shule ifungwe tumewaalika leo na wamekuja, tunawashukuru, tunaomba ukipata nafasi baada ya chakula ukae nao hata nusu saa uwasikilize kwa sababu watoto wao nao ni wa hapa. Wahitimu, mtihani ni Novemba, wiki zilizobaki jiko litawaka kila siku kwa ajili yenu, mahindi ya kutosha yapo stoo na akina mama wa zamu wameshajipanga.

Naomba kuwasilisha.