Mrisho, tangi limejaa maji, samaki bado

Kinyerezi, Dar es Salaam
Machi 14, 2025

Ndugu yangu Mrisho,

Salamu ulizompa shemeji zimefika, na dagaa tumepokea. Mama Zaituni anakushukuru sana, anasema wa safari hii wamekaushwa vizuri, hawana hata chembe ya mchanga. Shemeji amenifikishia na swali lako pia: "Mwulize Idi, samaki wa kutazama bila kula wana faida gani?" Nimeona nikujibu kwa barua, maana kwa simu tungeishia kuulizana habari za watoto.

Ni kweli nimenunua tangi la samaki, tena kubwa. Mgahawa mmoja huku mjini ulikuwa unafungwa, wakawa wanauza kila kitu, viti, majiko, mafriji, na tangi hilo lilikuwa limesukumwa kwenye kona ya stoo limejaa kreti za soda. Urefu wake sentimita 150, upana 60, kimo 60, kioo cha milimita 12. Nilipolipapasa ile kingo nikajua siondoki bila kulichukua. Tukapatana laki saba. Vijana sita walilibeba hadi kwenye Kirikuu, kwa sababu kioo chenyewe kitupu kina kilo kama mia moja. Linaingiza lita 470 hivi ukiacha nafasi kidogo juu. Sasa jumlisha mwenyewe: maji, kioo, mchanga, mawe, meza ya chuma, unakaribia kilo 700. Ukishalijaza ndiyo limekaa hapo, halisogezwi tena.

Kwa hiyo nilianzia chini. Fundi wa kuchomelea alinitengenezea meza ya skwea paipu yenye miguu sita, tukaiweka sebuleni juu ya sakafu ya zege, tukapima kwa pimamaji kila upande. Upande wa dirishani ulikuwa chini kwa milimita nne. Fundi akasema milimita nne si kitu. Nikamwambia kwa kabati si kitu, lakini kioo chenye maji nusu tani kikikaa kimepinda hata kidogo, siku moja kitapasuka usiku watu wamelala. Akaitengeneza. Juu ya meza nikaweka ubao mzito, juu ya ubao sponji nyembamba, ili punje ya mchanga isije ikakaa katikati ya chuma na kioo.

Kabla ya yote hayo tangi lilikaa barazani. Muuzaji alikuwa ameniapia kwamba halivuji, nami nikasema sawa, lakini kiapo si kipimo. Nililijaza robo, kesho yake nusu, kesho kutwa lote. Siku ya kwanza likiwa limejaa halikutoa kitu. Siku ya pili usiku nikatoka na tochi na karatasi ya chooni, nikawa naipitisha polepole kwenye maungio, kona baada ya kona. Kona ya nyuma kushoto karatasi ikabadilika rangi. Nikainama nikatulia. Tone lilikuwa linajikusanya chini ya ukingo, linanenepa, linaning'inia muda mrefu mpaka unadhani limeganda, halafu linaanguka. Nilihesabu karibu dakika nzima kati ya tone na tone. Kitu kidogo namna hiyo, Mrisho, lakini kwa maji ya kimo kile, tone la leo ndilo mpasuko wa mwezi ujao.

Nikamwaga maji yote kwenye migomba. Silikoni mpya haishiki juu ya ya zamani, kwa hiyo huwezi kuziba kona moja ukaishia hapo. Nilikwangua maungio yote ya ndani kwa wembe, jioni tatu mfululizo, kisha nikafuta kioo kwa spiriti. Ule ukungu mweupe wa chokaa kwenye vioo uliondoka kwa siki na kitambaa. Duka la kwanza waliniuzia silikoni ya bafuni, yenye dawa ya kuzuia kuvu, wakanihakikishia ndiyo yenyewe. Siyo. Dawa ile inayoua kuvu inaua na samaki, na bahati nzuri nilisoma maandishi ya ubavuni kabla sijaifungua. Inayotakiwa ni ya kioo, isiyo na dawa yoyote, na ile niliyoipata ilipokuwa inakauka baraza lote lilinuka siki. Nikaliacha wiki nzima, nikajaza tena siku nne. Kavu kabisa.

Sasa nakuja kwenye swali lako.

Unakumbuka yale matangi ya saruji tuliyokuwa tunachungulia tukitoka shule, kule Kigoma walikokuwa wakiwatunza samaki wa Ziwa Tanganyika wa kupelekwa Ulaya? Wazamiaji wanarudi na mitungi mgongoni, sisi tumepanda ukutani, na yule mzee mlinzi anatuacha dakika tano halafu anatufukuza. Mle ndani kulikuwa na vile visamaki vyeusi vyenye madoa meupe mwili mzima, kama mtu ametawanya chenga za mchele juu ya kitambaa cheusi. Wewe uliviita nyota. Jina lake la kitaalamu ni Tropheus duboisi, mtaalamu Marlier ndiye aliyempa mwaka 1959, mimi na wewe hatujazaliwa. Madoa yale ni ya utotoni tu. Akikua yanafutika, kichwa kinakuwa cha buluu na mwilini anavaa mkanda mmoja mweupe au wa njano, kutegemea ametoka mwambao gani.

Mrisho, watu wanaofuga samaki hawa Ujerumani, Marekani, Japani, wanayajua majina ya kwetu kuliko Mtanzania wa kawaida. Wanasema duboisi wa Maswa (ile ya mwambao wetu), ndugu yake Tropheus wa Ikola, na yule mkubwa mwenye nundu usoni, frontosa, wa Kigoma wanamtambua kwa mistari yake saba. Mtu hajawahi kukanyaga Tanzania, lakini sebuleni kwake ana jiwe lenye samaki wa Kigoma, watoto wake wanajua wanavyokula na wanavyolea. Mimi niliyezaliwa Ujiji nina watoto watatu hapa Dar, na ziwa wanalijua kwa dagaa wa kwenye sufuria. Wakisikia siklidi hawajui kwamba huo ndio ukoo wa nyota na frontosa, na wa sato, na wa perege, na hata kuhe wetu. Hilo limeniuma kwa miaka. Hiyo ndiyo faida ninayoitafuta, wala sioni aibu kuisema.

Kwa hiyo wauzaji wa Kariakoo waliponiambia niweke oska na samaki wa dhahabu, sikubishana nao sana. Oska ni wa Amerika Kusini, anataka maji laini, na atakula kila kinachoingia mdomoni. Shemeji yeye alinishikia bango niweke frontosa, kwa sababu ni mkubwa na ana heshima. Ni kweli anapendeza, lakini anafika sentimita 30 na zaidi, anahitaji wenzake sita saba, na kwa tangi langu wangebanana. Tena usimchanganye na samaki wadogo wembamba, kwani ziwani ndio anaowavizia alfajiri wakiwa bado wamelala. Nilifikiria pia wale brichardi wenye mikia kama kanga ya harusi, ambao watoto wakubwa wanawasaidia wazazi kuwalinda wadogo zao. Nawapenda mno kwa tabia hiyo. Shida yao wakishazaa mara tatu nne tangi lote linakuwa lao, hakuna mwingine atakayepumua.

Nimeamua nyota peke yao. Ishirini hadi ishirini na tano, wote wadogo, wote siku moja. Tropheus wakiwa wachache yule mbabe anamchagua mmoja na kumfukuza mpaka afe, lakini wakiwa kundi kubwa ugomvi unagawanyika. Na ukiongeza wengine baadaye, wenyeji wanawapokea kwa meno. Watu wananiambia tangi la aina moja litachosha macho. Sikubaliani nao. Nataka nione vizuri jike akibeba mayai yake mdomoni, machache tu, karibu mwezi mzima, huku akiendelea kula kidogo ili watoto waliomo mdomoni nao wapate. Kukiwa na aina sita zinazokimbizana utayaona wapi hayo?

Chakula chao ndicho kinachowaua mikononi mwa wageni. Ziwani wanakwangua ule utando wa kijani juu ya mawe kutwa nzima, na utumbo wao ni mrefu kwa ajili hiyo. Ukiwapa nyama au minyoo kwa sababu wanaigombania, tumbo linavimba, wanaacha kula, na ugonjwa ukishaingia unaweza kupoteza kundi zima. Nitawapa chakula cha spirulina, yaani mwani, kidogo kidogo, na taa nimeiweka ya kutosha ili mawe yaote utando wenyewe.

Maji yana wiki ya sita sasa tangu niyaweke, bila samaki hata mmoja. Unakumbuka nilivyokuwa Tabata na kile kitangi kidogo, samaki wote wakafa ndani ya siku tisa? Nilidhani ni ugonjwa. Kumbe uchafu wa samaki unatoa amonia, na kwenye chujio panatakiwa kuwe na bakteria wa kuigeuza iwe nitriti, na wengine wa kuigeuza nitriti iwe nitrati, ambayo haina ukali huo. Bakteria hao hawauzwi kwa kilo, wanaota taratibu, wiki nne hadi sita. Kwa samaki wetu jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa maji ya ziwa letu yana pH (kipimo cha uchachu wa maji, namba ikipanda uchachu unapungua) karibu na 9, na kwenye maji ya namna hiyo amonia ile ile inakuwa sumu kali kuliko kwenye maji ya pH ya chini. Mimi nimefika 8.3 kwa kuweka kokoto za chokaa za upande wa Wazo ndani ya chujio. Maji ya bomba nayalaza kwanza kwenye simtanki siku nzima, pampu ya hewa ikiwaka, klorini itoke. Kila siku natupia chakula kidogo kioze, napima. Amonia ilipanda ikashuka, nitriti ikapanda ikakaa juu siku kumi na moja mpaka nikakata tamaa, na Jumanne hii imefika sifuri.

Kinachonizuia sasa ni joto. Ziwani wamezoea nyuzi 24 hadi 27, na Dar ya mwezi huu unaijua. Wiki iliyopita saa tisa mchana tangi lilisoma 31. Maji ya moto hayashiki hewa, na nyota wamezoea mawe yanayopigwa na mawimbi, wanataka hewa nyingi. Nimeinua kifuniko kidogo nikafunga feni mbili zinazopuliza juu ya maji. Zimeshusha hadi 28 na nusu, ila nazibia ndoo mbili za maji yanayokauka kila wiki. Umeme ukikatika pampu ya hewa inahamia kwenye betri. Chujio lenyewe likizimika saa nyingi siliwashi hivi hivi, nafungua namwaga maji yaliyooza ndani yake kwanza. Hata hivyo sitaki kubahatisha na roho za viumbe. Nasubiri Juni, jiji lipoe.

Hapo ndipo ninapokuhitaji. Nenda kwa yule mwenye leseni ya kuuza samaki hawa uliyeniambia, ukiwa na nafasi, usiende kwa wale wa mitumbwi wanaouza kwa kificho. Ziwa lilipofungwa uvuvi mwaka jana, Mei 15 hadi Agosti 15, wewe mwenyewe uliniambia jinsi nyavu zilivyorudi zimejaa kuliko kabla, kwa hiyo unaelewa kwa nini nataka waliotolewa kwa utaratibu. Simama kwenye tangi lao angalau nusu saa. Angalia kama wanakwangua kuta muda wote. Tumbo lisiwe limebonyea wala kuvimba, na kinyesi kikiwa cheupe kama uzi, waache. Mwulize mzamiaji wametoka kina gani na mwambao gani, uniandikie jina la mahali. Na wasipewe chakula siku mbili kabla ya kufungwa kwenye mifuko ya oksijeni. Nitalipia ndege, basi ni mbali mno kwao. Mimi huku nikishafungua mfuko sitawachelewesha, kwa sababu hewa ikiingia pH ya yale maji ya safari inapanda na amonia iliyomo inakuwa sumu papo hapo.

Nifikishie shikamoo kwa mama, mwambie goti langu limepona. Zaituni ameshaning'iniza kipimajoto kwenye kioo, na kila akirudi shule anaandika namba kwenye kalenda ya ukutani kwa kalamu nyekundu. Jana 28.5, leo 28.4. Ikisoma chini ya 28 wiki mbili mfululizo, nakutumia pesa siku hiyo hiyo.

Ndugu yako,
Idi