Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu wa Kaunti ya Kisumu: watoto wetu wafunzwe kuishi na watu wenye ulemavu

Mheshimiwa Waziri, habari ya kazi. Mimi ni mzazi hapa Manyatta na leo siombi jengo wala basari. Naomba hawa watoto wa chekechea, PP1 na PP2, ambao Katiba ya 2010 iliwaweka chini ya kaunti, wafunzwe kuheshimu watu wenye ulemavu kabla mtaa haujawafunza.

Juu mtaa unafunza vibaya. Kuna jirani yetu fundi wa nguo hasikii, akipita watoto wanamfuata nyuma wakirusha rusha mikono na kucheka, na watu wazima wamekaa hapo nje wanaangalia tu. Alafu mtoto akiuliza pale steji ya Kondele "mama, mbona yule hana mguu", anafinywa, anaambiwa nyamaza, usimwangalie. Sasa hapo amejifunza nini kama si kuogopa mtu? Swali lilikuwa zuri, angejibiwa pole pole na aende amsalimie mzee wa watu.

Kifungu cha 54 cha Katiba kinasema mtu mwenye ulemavu aheshimiwe na asiitwe kwa dharau, na ule mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, tuliouridhia 2008, kifungu cha 8, unataka watoto wote wafunzwe heshima hiyo tangu wakiwa wadogo.

Na si mambo magumu. Mtoto wa miaka 5 anaweza kusalimia kwa lugha ya ishara, anaweza kujua asiyeona havutwi mkono wala fimbo, unamuuliza kwanza kama anataka usaidizi, akikubali anakushika juu ya kiwiko mnaenda wewe ukiwa mbele kidogo. Kiti cha magurudumu nacho hakisukumwi bila mwenyewe kusema sawa.

Kibos iko hapa hapa na shule ya wasioona, Joyland ya watoto wenye ulemavu wa viungo iko, Maseno kuna shule ya viziwi, mbona watoto wetu hawajuani na hao wenzao? Wakutane wacheze, wasome pamoja, sio ile ya kupeleka unga na sabuni tarehe 3 Desemba, siku ya watu wenye ulemavu duniani, watu wanapiga picha wanaenda. Na anayefunza hayo masomo awe mtu mwenye ulemavu mwenyewe, na alipwe kama mwalimu mwingine yeyote.

Anza muhula ujao hata na shule chache tu, na wazazi pia tuitwe darasani. Tunangoja jibu lako.

Mzazi, Manyatta