Barua kwa mwanangu Kabula kabla hajaenda chuoni

Mwanangu Kabula,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Musoma kwa mjomba wako. Sisi hapa Kirumba hatujambo. Nimeona nikuandikie mapema, kwa kuwa utakapopita nyumbani kuelekea Dodoma utalala usiku mmoja tu, na nyumba itajaa watu wa kukuaga.

Shangazi yako wa Igoma alipokea ujumbe kutoka kwa mtu mwenye jina lako na picha yako ya mahafali, akiomba shilingi 60,000 za godoro la hosteli zitumwe kwenye namba ngeni. Shangazi akatuma bila kuuliza, maana mtu huyo alijua chuo, kozi, hata siku ya kuripoti. Nilimwomba mdogo wako Shija anionyeshe mitandao uliyojiandikisha, naye akanifungulia Facebook, Instagram, TikTok, X, Snapchat, Telegram na mingine ambayo sikushika majina yake. Kwenye Instagram umeweka barua ya kudahiliwa nzima nzima, pamoja na namba yako ya simu. Kwenye Facebook, ambayo hujaigusa tangu kidato cha pili, ukoo wetu wote umo, na shangazi umemtaja kwa jina. Mwizi hakuvunja kitu chochote. Aliokota kipande huku na kipande kule, akapata Kabula mzima.

Barua ile ni fahari ya nyumba hii, nami niliitembeza Mwaloni nikiwaonyesha wachuuzi wenzangu wa dagaa. Furaha yako siilaumu. Ninacholaumu ni kujiandikisha kila mahali rafiki anapokuita, kisha kuondoka bila kufunga. Wavu uliotelekezwa ziwani huendelea kunasa samaki ijapokuwa mwenyewe ameusahau. Mwaka 2016 taarifa za akaunti zaidi ya milioni 360 za Myspace zilitiwa sokoni na wezi, wakati wengi wa wenye akaunti hizo walikwishauhama mtandao huo zamani. Na yeyote aliyetumia nywila ileile kwenye barua pepe yake alikuwa amewapa wezi hao ufunguo wa huko pia. Shija ananiambia kwamba nywila yako ni moja kila mahali. Mwanangu, hilo limeninyima usingizi kuliko fedha za shangazi.

Sitasema mengi kuhusu bando na muda, ingawa uuguzi si masomo ya kusoma huku mitandao yote hiyo inakuita kwa zamu. Ninalokuomba ni hili: baki na miwili unayoitumia kweli, kila mmoja na nywila yake, na mingine uifunge. Kuondoa programu kwenye simu hakutoshi, kwani akaunti inabaki ilipo. Ingia ndani, omba ifutwe. Facebook husubiri siku 30 kabla ya kuanza kufuta, na ukiingia tena katika siku hizo unaweza kulitengua ombi lenyewe, kwa hiyo anza sasa ungali Musoma, usingoje uchanganyikiwe na mambo ya chuo. Barua ya kudahiliwa iondoe leo hii. Piga pia *106# uone kama kuna laini usiyoijua iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako. Namba ya yule tapeli tumekwisha kuiripoti kupitia 15040, namba ya kuripotia matapeli wa simu.

Shangazi nimemrudishia nusu ya fedha zake, nyingine nitampa dagaa wakipanda bei. Usimpigie kumwomba radhi huku unalia, atalia naye. Godoro lako mama yako amekwisha kulinunua, na ametenga dagaa wa kukaanga na unga wa muhogo, hivyo njoo na begi moja tu. Tiketi ya basi nitakukatia Nyegezi. Usiipige picha ukaiweka popote.

Ukipungukiwa fedha huko Dodoma, piga simu tuisikie sauti yako. Ujumbe wa kuomba fedha hatutaujibu hata ukiwa na picha yako, na ndugu wote nimewaambia hivyo.

Ni mimi baba yako.