Mashine haitamaliza gugu ziwani

Mhariri,

Kila gugu maji linapoufunga ufuo wa Dunga hapa Kisumu, sisi mama samaki huambiwa tuvute subira, mashine ya kulivuna inakuja. Mashine tumeziona. Gugu likishiba huongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi. Mashine husubiri mafuta, vipuri na sahihi ya mkubwa.

Swali wasilopenda kuulizwa viongozi wetu ni hili: gugu hilo linakula nini? Asili yake ni Amerika Kusini, na lilipofika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 lilikuta chakula tele. Chakula hicho ni naitrojeni na fosforasi: zimo katika mbolea ya DAP, zimo vyooni, zimo katika maji taka. Mvua ikipiga Nandi na Kericho, mto Nyando hutushushia udongo wa huko pamoja na mbolea ya mahindi na miwa. Mto Kisat unapita humu mjini. Anayetaka kujua umebeba nini na asimame kando yake dakika moja, akiweza. Yote hayo huingia Ghuba ya Winam, yenye kina kifupi na mlango mwembamba kule Rusinga, kwa hivyo uchafu ukishaingia hautoki upesi.

Upepo ukilisukuma gugu kwingine, hatujapona. Maji yanayobaki huwa ya kijani kwa mwani mdogo sana unaoelea, mazito kama rangi ya ukuta, na ndoo ikikauka huacha utando unaonuka. Usiku mwani huo huvuta oksijeni, na ukifa ukaoza huimaliza kabisa. Alfajiri utawaona ngege wametoa midomo juu ya maji wakitafuta pumzi. Mwaka 2022 samaki wanaofugwa katika vizimba ziwani walikufa kwa wingi upande wetu huu, na oksijeni ndiyo iliyotajwa. Samaki walikufa, mikopo ya kuwanunulia chakula haikufa. (Na wenye vizimba nao wajue kwamba chakula kisicholiwa huoza humo humo.)

Linaloniudhi zaidi ni ushauri wa “chemsheni maji.” Moto huua vijidudu vya kipindupindu, lakini mwani huu wa kijani unaweza kutoa sumu inayodhuru ini, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Majirani zangu huusukuma utando kwa mkono, wakajaza mtungi, wakachemsha, wakawapa watoto.

Pesa ziende kwenye mabomba na mitambo ya maji taka kabla ya mashine nyingine. Mafunjo ya Dunga, yanayotuchujia maji bure, yasikatwe ili watu wagawane ploti. Nazo kaunti za juu zizuie kulima hadi ukingoni mwa mto.

Hayo yatachukua miaka. Lakini kupima maji ya ufuo kila wiki na kubandika matokeo pale tunapouzia samaki, kwa Kiswahili na Kijaluo, ili mama ajue leo achote au asichote, kunaweza kuanza mwezi huu.

Mchuuzi wa samaki,
Dunga, Kisumu