Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Nyaraka na Ukaguzi wa Msimbo

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi nitajikita kwenye jambo lililobadilisha kazi yetu mwaka huu kuliko lingine lolote: badiliko la programu yetu ya hesabu za vikoba sasa halipokelewi mpaka mkaguzi asome na maelezo yake, si msimbo (maagizo ya programu yaliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta) peke yake.

Utaratibu huu hatukuubuni sisi. Mradi wa Django, zana huria ya kujengea tovuti, hudai kipengele kipya kije na majaribio (msimbo wa kuhakiki kwamba kinafanya kazi) na nyaraka zake, yaani maelezo ya matumizi. Mwongozo wa ukaguzi ambao Google imeuweka wazi kwa umma nao unamtaka mkaguzi atazame kama badiliko linalogusa watumiaji limegusa nyaraka pia, na msimbo ukifutwa, afikirie iwapo maelezo yake yafutwe. Hilo la mwisho limetufaa mno, maana kurasa nyingi zilizokuwa zikiwapotosha watumiaji wetu zilieleza vitu ambavyo havipo tena.

Nitoe mfano wa riba. Mwanachama alileta kipande cha msimbo cha kukokotoa riba ya mkopo. Msimbo ulikuwa sahihi na majaribio yote yalipita. Mkaguzi, ambaye alikuwa mgeni wa sehemu hiyo, akauliza: hiyo riba ya 0.1, yaani asilimia 10, ni kwa mwezi au kwa mwaka? Inatozwa kwenye salio au kwenye mkopo wa awali? Akajibiwa vizuri: kwa mwezi, kwenye salio. Zamani tungeishia hapo, na jibu lingebaki kwenye mjadala wa ukaguzi ambako hakuna mweka hazina wa kikoba atakayelifuata. Safari hii mkaguzi hakuidhinisha. Aliomba jibu liandikwe ndani ya msimbo, na mwongozo upate mfano: mkopo wa shilingi 100,000, riba ya mwezi wa kwanza 10,000, mkopaji akipunguza deni kwa 40,000, riba ya mwezi wa pili ni 6,000.

Mfano huo sasa unaendeshwa pamoja na majaribio kwa kutumia doctest, zana inayoendesha mifano iliyomo kwenye maelezo na kuona kama majibu yake bado ni sahihi; imo ndani ya lugha ya programu ya Python tangu toleo la 2.1 la mwaka 2001. Atakayebadili ukokotoaji akasahau maelezo, jaribio litamkatalia.

Naamini kwa dhati kwamba swali la mkaguzi asiyeijua sehemu husika lina thamani kuliko sifa za anayeijua. Alipokwama yeye, mtumiaji atakwama pia. Ndiyo maana tumeanza kuwapa wanachama wapya kazi ya ukaguzi mapema, na wamefanya vizuri sana. Nawashukuru.

Wapo waliolalamika kwamba mabadiliko sasa yanachelewa. Ni kweli yanachelewa, na kwa upande wangu nakubali gharama hiyo. Ila nawasihi wakaguzi: msimzuie mtu kwa sababu ya koma au neno ambalo ninyi mngelichagua tofauti. Rekebisheni wenyewe, kazi iendelee.

Bado mwongozo wa Kiswahili unabaki nyuma ya ule wa Kiingereza, wakati wengi wanaoitumia programu hii husoma wa Kiswahili. Kamati inaomba mkutano huu upitishe azimio kwamba miongozo yote miwili ibadilishwe ndani ya badiliko lilelile, na mkaguzi awe na haki ya kulirudisha likija na mmoja tu. Katibu atalisoma azimio hilo kabla ya kura.