Wafasiri wa Kirusi wapime vitenzi vya Kiingereza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wafasiri wenzangu kuhusu nyaraka za Kirusi zinazotafsiriwa kwa Kiingereza hapa Tabora, hasa za vijana wetu waliosoma Urusi, nchi ambayo Watanzania wamekuwa wakienda kusoma tangu miaka ya 1960.

Vitenzi vingi vya Kirusi huwa na sura mbili: moja hutaja tendo likifanyika, nyingine hutaja tendo lililofika mwisho wake. Wapo wanaodhani kwamba tofauti hiyo humalizwa kwa kubadili njeo ya Kiingereza, yaani wakati wa tendo, kumbe mara nyingi inabidi kitenzi chenyewe kibadilike. Nimeona karatasi ya hospitali yenye neno "lechilsya", yaani alitibiwa, na mfasiri akaandika "was cured", kwamba amepona. Ugonjwa ulikuwa kifua kikuu, na daktari wa hapa akiisoma tafsiri hiyo anaweza kabisa kuona hakuna haja ya kuendelea na dawa. Mwandishi angetaka kusema mgonjwa amepona, angeandika "vylechilsya". Wala "lechilsya" haisemi kwamba hakupona. Imelinyamazia jambo hilo, na mfasiri hana budi kulinyamazia vilevile kwa kuandika "was treated".

Ndivyo ilivyo pia kwa mitihani, ambapo "sdaval" ni alifanya mtihani na "sdal" ni alifaulu. Ukiandika "passed" penye "sdaval" unampa mtu sifa ambayo karatasi haikuitaja, na ukiandika "failed" unamwonea. Haki ni "took". Vitenzi vya mwendo havina hatari kubwa hivyo, kwa kuwa, ingawa Kirusi hutenganisha kwenda kwa miguu na kwenda kwa chombo, "go" ya Kiingereza hutosha mara nyingi.

Kinachonisikitisha ni kwamba Kiswahili chetu kinaijua tofauti hii. Kutibu si kuponya, na hakuna mvuvi wa Kigoma atakayechanganya kuvua na kupata samaki, mambo ambayo Mrusi huyatenganisha kwa "lovil" na "poymal". Mfasiri ajiulize kwanza angesemaje kwa Kiswahili, ndipo atafute kitenzi cha Kiingereza.

Naziomba ofisi zinazopokea tafsiri hizi zidai nakala ya Kirusi iambatanishwe, na zisikubali karatasi ya matibabu ambayo haijapitiwa na mtu wa pili anayekisoma Kirusi.

Mfasiri,
Tabora