Usilifunge hilo bomba Jumamosi

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Huku wote wazima, shemeji yako anakusalimia, na watoto wanakuulizia kila wakisikia gari linanguruma nje. Najua nimekuwa kimya tangu tulipoachana kwenye arobaini ya Mzee, na nilipanga nikuandikie barua ndefu ya utulivu. Hii siyo hiyo barua. Ujumbe wako umenikuta leo asubuhi, kwamba boksi la mabomba ya turbo limefika na Jumamosi unaingia chini ya gari pamoja na Mjomba. Nakuomba sana, usiyafunge Jumamosi. Nisome kwanza mpaka mwisho.

Unakumbuka mimi nilifunga ya aina hiyohiyo, ya silikoni, yale yanayobeba upepo kutoka kwenye turbo zote mbili, zile zinazoisukumia injini hewa, kwenda intakula, kile kipoza upepo kabla haujaingia kwenye injini. Gari lako na langu ni pacha, BMW 335i yenye injini ya N54, usukani kulia. Nilikusifia kwenye simu kwamba turbo zinaitika haraka, gari limekuwa jepesi. Maneno yale ndiyo yananinyima usingizi sasa, maana nahisi ndiyo yaliyokufanya uagize.

Kilichotokea ni hiki. Wiki ya tatu baada ya kufunga, nikiwa napanda mlima, kwenye kona ya kulia, nimekanyaga mafuta sawasawa, usukani ukanipa mkwaruzo mdogo mkononi, kama ukucha unaopita juu ya turubai. Nikiachia mafuta, kimya. Nikikanyaga tena, unarudi. Tukatazama tairodi, bolijointi, mafuta ya usukani, kila kitu. Fundi mmoja akaapa kwamba reki ya usukani imekufa, tuishushe. Nikakataa, kwa sababu moja tu: reki ikifa haisubiri ukanyage mafuta ndipo ilalamike. Na gari likiwa limesimama, ungeweza kuuzungusha usukani kutwa nzima usisikie chochote.

Nikaja nikafungua kava ya chini. Shafti ya usukani, pale karibu na kros, kile kiungo kinachoiruhusu shafti kupinda, imeng'aa upande mmoja kama sarafu mpya. Bomba la turbo ya nyuma limelika mpaka nyuzi za ndani zinaonekana, na unga mweusi umetapakaa kila mahali. Hayo ningeyavumilia. Lakini mkia wa klipsi inayobana bomba ulikuwa umeuchora uma wa kros, mchoro wa urefu wa ukucha. Nililala pale chini nikiutazama, mikono imepoa. Bomba likitoboka gari linakosa nguvu, taa inawaka, unarudi nyumbani polepole, basi. Klipsi ikinasa kwenye kros ukiwa katikati ya kona, na watoto nyuma, sitaki hata kuandika.

Sasa nikueleze kwa nini, maana hii ndiyo sehemu ambayo hakuna aliyeniambia.

Injini yetu ni silinda sita za mstari, imelazwa kidogo upande wa kulia, na njia ya moshi pamoja na turbo zote mbili ziko huko huko kulia: ya mbele inalishwa na silinda 1 hadi 3, ya nyuma na 4 hadi 6. Kwenye gari la usukani wa kushoto, upande ule hauna shafti ya usukani. Pana nafasi ya kupitisha bomba la unene wowote. Kwetu shafti inashuka palepale, ubavuni mwa turbo. Aliyebuni seti ile ya mabomba alikuwa na gari la usukani wa kushoto juu ya lifti, akapima, akaona pametosha, akatengeneza. Nilimwandikia muuzaji kabla sijanunua, nikamuuliza waziwazi kama yanaingia kwenye gari la usukani wa kulia. Akajibu kwamba yanaingia kwenye gari zote. Na kweli yanaingia! Niliyafunga bila kutumia nyundo wala kusaga kitu. Kuingia si tatizo. Tatizo ni kile kinachotokea baada ya hapo, injini ikifanya kazi.

Mwambie Mjomba akanyage mafuta ghafla wewe ukiwa umefungua boneti. Utaona injini inajitupa. Ukiitazama kutoka kiti cha dereva, injini inapovuta inanyanyuka upande wa kushoto na kushuka upande wa kulia, kwa sababu inasukumwa kinyume na mzunguko wa krenki. Gari la usukani wa kushoto likifanya hivyo, bomba linaegemea nafasi tupu. Letu linaegemea shafti. Yaani kadiri unavyolidai gari nguvu, ndivyo bomba linavyosogea kule ambako halitakiwi kufika. Mimi nilipopima, gari limezimwa, palikuwa na milimita 6. Nikaridhika, nikafunga kava. Kumbe nimepima injini iliyolala.

Halafu kuna jingine juu yake. Silikoni ikijaa upepo inavimba. Kiwandani N54 inasukuma kama bar 0.6, lakini wewe na mimi tulishabadilisha programu ya injini, tunapita bar 1. Bomba lenye matabaka machache ya kitambaa linanenepa, hasa kwenye kona yake. Na upepo unaotoka kwenye turbo unapita joto la nyuzi 100 kwa urahisi ukiwa umeikamua, kwa hiyo silikoni inakuwa laini zaidi kuliko ulivyoishika mezani. Ongeza mauntingi za injini za zamani, yale mapira yanayoishikilia. Gari hizi zilianza kutoka mwaka 2006, swahiba. Mpira wa umri huo haushiki injini, unaibembeleza tu. Kuinama, kuvimba, kulegea, vyote vitatu vinasogeza bomba upande mmoja. Hizo milimita 6 zangu zilikwisha siku ya kwanza.

Kwa hiyo ukitaka kuyajaribu, na najua utataka, fanya hivi. Panga bomba mahali pake, kisha bandika udongo wa kuchezea wa watoto juu ya shafti, unene wa vidole viwili, pale bomba linapokaribia. Washa. Mjomba akae ndani, akanyage breki kwa nguvu zote, aweke D, aongeze mafuta kidogo kwa sekunde mbili tatu, aachie. Wewe usiwe chini ya gari wala mbele yake, hilo siongezi neno. Zima, kisha ukatazame udongo umebanwa kiasi gani. Rudia ukiwa umezungusha usukani mpaka mwisho kushoto, halafu mpaka mwisho kulia, na katikati pia, kwa sababu uma wa kros si duara. Kuna pembe ambayo unajitokeza zaidi, na huwezi kuijua kwa kutazama mara moja. Mimi siku hizi siridhiki na chini ya milimita 15 injini ikiwa imezimwa, na huo udongo lazima ubaki na unene wa kuonekana. Klipsi zote zigeuze, vichwa na mikia yake vitazame mbali na shafti.

Na mtu asikuambie kwamba mtaipunguza shafti kidogo kwa jiwe la kusagia. Niliambiwa. Nilikusanya vifaa vyangu nikaondoka pale gereji, na sijarudi.

Vilevile Mjomba atataka kuichomoa shafti ili mkono upite. Namjua. Akifanya hivyo, tairi zinyooke kwanza, na usukani ufungwe kwa mkanda wa kiti usizunguke hata robo, maana ndani yake kuna ule waya wa utepe wa earbegi. Ukizungushwa kupita kiasi unakatika. Bolti ya kros ikifunguliwa inawekwa mpya, na inakazwa kwa spana ya kipimo. Bolti ile hairudishwi.

Nikuulize pia, je, unayahitaji kweli? Nimerudisha mabomba ya kiwandani na oringi mpya, zile pete za mpira za kuziba viungo, na sehemu kubwa ya ule wepesi niliokusifia bado ninayo. Nilivyoelewa mimi, gari langu lilikuwa linavujisha upepo kwenye oringi zilizokauka, ndiyo maana lilikuwa linaniletea ile 30FF, kodi ya hitilafu ya upepo wa turbo kuwa mdogo. Nilipofunga mapya nikaziba uvujaji, nikadhani ni unene wa bomba. Kwa turbo za kiwandani bomba nene linaongeza kidogo sana. Ukiweka turbo kubwa, hapo nakubali, habari ni nyingine. Kabla hujafungua chochote, zibeni mdomo wa kuvutia hewa, mjaze upepo taratibu, mpake maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Povu litawaonyesha. Kazi ya saa moja.

Langu la silikoni sijalitupa. Nimempa yule bwana wa kuchomelea alumini kipimo cha udongo wangu, ananitengenezea kipande cha nyuma kilichobonyezwa kiwe yai pale kwenye shafti. Upana unapungua upande mmoja unaongezeka mwingine, upepo unapita karibu uleule. Alumini haivimbi. Lakini mauntingi mpya kwanza, hizo nimeshaagiza. Kikiwa tayari nitakupigia picha, na kikifaa tutakunakilishia chako kwa kipimo cha gari lako mwenyewe, si langu. Pacha au si pacha, hizi gari zimeshazeeka kila moja kivyake.

Bado nafikiria ule mchoro kwenye kros. Nimekwishabadilisha shafti nzima, na bado nikishika kona ile ya mlimani mkono wangu unasikiliza.

Niambie: hayo yako ni silikoni tupu au yana kipande cha alumini katikati? Klipsi zake ni za mkanda au za bolti? Mauntingi ulibadilisha lini mara ya mwisho, au ni zile ulizonunua nazo gari? 30FF umeiona wewe, au umeagiza kwa sababu yangu tu? Na usukani wako sasa hivi, kabla ya lolote, ukikanyaga mafuta kwenye kona, unasikia nini mkononi? Mjomba mkono wake umepona kiasi cha kukaza bolti? Ile spana ya kipimo niliyokuachia bado unayo, au ilikwenda na wale vijana? Utanipigia Ijumaa usiku, hata ikiwa usiku wa manane? Nitakuwa macho.

Wako,
ndugu yako wa tumbo jingine